Gari linakula matairi ya mbele: tafuta chanzo kabla hujanunua mapya

"Kaka, tairi langu la mbele linaliwa upande wa ndani. Nipeleke alaimenti?"

Swali hili la alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, nimeulizwa msibani Machame, nimeulizwa kwenye foleni ya Kijenge dirisha kwa dirisha, na wiki iliyopita shemeji yangu kaniuliza kwa simu saa nne usiku, kana kwamba tairi lingeisha kabla hakujakucha. Jibu langu ni moja na halimfurahishi mtu: bado. Kwanza litikise.

Nami niliunguza hela hivyohivyo. Nilikuwa na Corolla ya mwaka 1998. Tairi la mbele kushoto likaanza kutoa waya upande wa ndani, nikanunua mawili mapya, nikapeleka gari kwenye alaimenti ya kompyuta, nikalipa, nikaondoka napiga mluzi. Miezi miwili baadaye tairi jipya linaliwa palepale. Nikarudi, nikalipa tena. Aliyenifumbua macho ni kijana wa pancha pale Boma Ng'ombe. Alikuwa kainua gari azibe pancha yangu, akashika tairi kwa mikono miwili, akalitikisa kushoto na kulia, likalia ko-ko-ko. "Bosi," akaniambia, "hii tairodi imekufa siku nyingi. Hao walikuwa wanakupimia maiti."

Tairodi ni fimbo inayougeuza wili usukani ukikatwa, na tairodi endi ni kiungo cha ncha yake. Ile yangu ilinigharimu kipande kidogo cha bei ya tairi moja. Alaimenti iliyofuata ndiyo iliyokaa.

Mwongozo huu ni kwa gari dogo la zamani linalovutwa na matairi ya mbele: Corolla, Spacio, Raum, IST, Vitz, Premio na ukoo wao. Mwenye Land Cruiser au pikapu atafaidika na sehemu ya kusoma tairi, ila viungo vyake vya chini ni vingine, asifuate hatua za kutikisa kama zilivyo. Kazi yote ni ya asubuhi moja ya Jumamosi, na huhitaji kuwa fundi. Hufungui kitu zaidi ya nati za wili.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Geji ya upepo iliyo yako. Za vituoni zimeangushwa chini mara nyingi mno.
- Jeki, spana ya wili, na stendi za jeki. Kama huna stendi, azima.
- Mawe mawili makubwa ya kuzuia matairi ya nyuma.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Chaki nyeupe.
- Futi ya chuma, ile ya mafundi seremala.
- Timazi ya fundi mwashi. Ukikosa, funga nati nzito kwenye uzi.
- Mtalimbo mfupi au bomba la chuma la urefu wa mkono.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa pili. Mtoto wa darasa la sita anafaa kabisa, mradi anaweza kukanyaga breki akiambiwa na kuiachia akiambiwa.

Na uwanja tambarare, wa sakafu ngumu. Hapo ndipo watu wa Ilboru na Kibosho wanapopata tabu. Usifanye kazi hii kwenye mteremko wa getini kwako. Omba nafasi kwenye uwanja wa kanisa siku isiyo na ibada, au mahali popote penye zege iliyolala sawa.

Hatua ya 1: Pima upepo gari likiwa limelala usiku kucha

Pima asubuhi kabla hujaliendesha. Ukishaendesha, hewa ndani ya tairi imepata moto na geji itakudanganya: joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upepo hupanda kama PSI 2. Ndiyo maana mtu anatoka Arusha saa sita mchana, anafika Moshi, anapima, anaona upepo umezidi, anaupunguza. Kesho yake asubuhi anaendesha gari lenye upepo pungufu na hajui.

Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika, ukifungua mlango wa dereva utaiona kwenye nguzo. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo stika imeandikwa kwa kPa. Usitishike: 210 ni kama PSI 30, 220 ni PSI 32, 240 ni PSI 35. Ikiwa ukubwa wa tairi ulilofunga si ule ulio kwenye stika, anza na kipimo cha stika kisha acha uso wa tairi ukuambie.

Kosa la kawaida: kufuata namba iliyo ubavuni mwa tairi lenyewe. Ile ni kikomo ambacho tairi haliruhusiwi kupita. Haikuambii gari lako linataka nini. Nimewahi kupanda IST ya rafiki yangu iliyojazwa PSI 44 kwa sababu "ndivyo tairi linavyosema". Kwenye matuta ya Usa River tulikuwa tunaruka kama mbuzi.

Andika ulichokuta kwenye kila tairi kabla hujaongeza wala kupunguza. Tairi moja likiwa chini sana kuliko mwenzake, usiseme ni bahati mbaya. Lina pancha ndogo, au kijiti cha kujazia upepo kinavuja. Paka mate au povu la sabuni uone.

Hatua ya 2: Lisome tairi

Hapa usiharakishe. Tairi limekuandikia kila kitu, kinachotakiwa ni kusoma.

Kata usukani wote upande mmoja ili uso wa tairi utokeze nje, piga tochi. Angalia kwanza kama kuna waya uliochomoza, maana baadaye utapitisha kiganja na waya ule unakata nyama kama wembe. Kisha chomeka sarafu kwenye mfereji wa ndani, wa katikati na wa nje, ukiweka alama ya kucha pale kashata, yaani vipande vya mpira vilivyoinuka kati ya mifereji, zinapoishia. Andika vipimo vitatu kwa kila tairi. Sarafu iwe ileile kote. Ndani ya mifereji utaona vijiti vifupi vya mpira vimekatiza. Kashata zikishuka zikalingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha hata kama trafiki hajakusimamisha. Masika likikukuta na tairi hilo kwenye lami yenye maji utajua kwa nini.

Sasa ona limeliwa vipi.

Mabega yote mawili yameliwa na katikati pamebaki: upepo ulikuwa mdogo kwa muda mrefu. Jaza, tafuta panapovuja, na pengine kazi yako imeishia hapo.

Katikati pameliwa na mabega yamebaki: upepo umezidi.

Bega la ndani peke yake limeliwa. Hili ndilo swali la watu wengi, na lina wezi wawili. Wa kwanza ni tairi kulala, yaani kichwa chake kimeinama kuelekea kwenye injini. Mafundi huita kemba. Wa pili ni matairi mawili ya mbele kupeana mgongo yakitazamwa kutoka juu, kama mtu anayetembea vidole vikitazama nje. Mafundi huita tou. Kwa bega la nje, geuza kila nilichosema: kichwa kimeinama nje, au matairi yanatazamana.

Kuwatofautisha hao wawili unahitaji kiganja. Pitisha kiganja taratibu juu ya kashata kutoka bega la nje kwenda la ndani, kisha kirudishe. Kikiteleza pande zote na tairi limeliwa kama mteremko laini, mshuku kemba. Kikiteleza upande mmoja na kukwaruzwa kikirudi, kama unapapasa meno ya msumeno, huyo ni tou. Na meno yenyewe yanakuambia upande: kikiteleza kwenda ndani, matairi yanatazama ndani, kikiteleza kwenda nje, yanatazama nje. Jifunze hili hata kama utasahau mengine yote. Meno huanza kusikika mapema, tairi likiwa bado linaonekana zima kwa macho.

Mabonde, yaani unapozungusha mkono kufuata duara la tairi unapanda na kushuka: shokapu imechoka, au tairi halina balansi, au beringi imelegea.

Kidonda kimoja tu, kama mtu kakwangua mahali pamoja: breki iliwahi kufunga tairi likaburutwa. Hilo halina uhusiano na alaimenti.

Neno moja la nadharia, halafu basi. Watu huniambia, milimita chache za tou zitakula tairi kweli? Piga hesabu. Tairi la gari dogo lina kipenyo cha kama sentimita 60. Tuseme matairi mawili yamepishana milimita 6 mbele na nyuma, kila moja limebeba 3. Hiyo ni 3 kwa 600, sawa na mita 5 za kwenda kombo katika kila kilometa. Arusha hadi Moshi ni kama kilometa 80. Yaani kila tairi linalazimishwa kwenda kwa ubavu kama mita 400 kabla hujafika mnara wa saa wa Moshi.

Hatua ya 3: Linganisha kushoto na kulia, na ujiulize nini kimebadilika

Matairi yote mawili yakiliwa sawasawa bega la ndani, tafuta jambo linalogusa pande zote: tou, springi zilizochoka zikashuka, au gari kunyanyuliwa. Likiliwa moja tu, tafuta kitu kilicholegea au kilichopinda upande ule. Huu ni mwanzo tu wa upelelezi, kwa sababu tairodi iliyolegea upande mmoja inaweza kuharibu pande mbili.

Kisha jiulize kwa ukweli. Uliingia shimo lini, lile la mpaka ukasema "yesu"? Ulipanda ukingo wa barabara? Umefunga spesa juu ya shokapu ili gari lipite matuta? Wengi wetu tumefunga, sikulaumu, lakini gari likinyanyuliwa matairi hayasimami tena kama mwanzo, na tou inahama. Kila anayefunga spesa anatakiwa kwenda alaimenti siku ileile. Ni wachache mno wanaokwenda.

Angalia pia umri wa tairi, hasa la mtumba. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuja limeshaliwa upande mmoja na gari lingine huko lilikotoka. Ukilifunga leo na kuona kasoro kesho, umelilaumu gari lako bure.

Hatua ya 4: Inua, tikisa juu na chini

Vuta hendibreki, weka mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma, legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini kama utapenda kulitoa. Weka jeki mahali palipotengenezwa kwa jeki chini ya kizingiti cha mlango, pale penye mikato miwili. Tairi likiinuka, weka stendi.

Kuna watu wanaamini gia ya P. Kwenye magari haya P inashika matairi ya mbele, na ukiinua moja la mbele, la pili linakuwa huru. Kinachoshika gari ni hendibreki na yale mawe. Na usiingize kichwa wala bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde tano za "nachungulia tu".

Shika tairi mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa. Vuta wa juu, sukuma wa chini, kwa haraka haraka. Tairi zima halitoi mchezo wowote. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, mwizi ni beringi ya wili. Mchezo ukibaki, mshuku boljointi, kiungo kinachoshikanisha wili na amu, ule mkono wa chuma ulio chini yake.

Kuthibitisha boljointi, pitisha mtalimbo chini ya tairi na ulinyanyue taratibu huku msaidizi akimulika pale amu ya chini inapoungana na kitovu cha wili. Akiona kiungo kinapanda na kushuka, au akisikia tok, imekwisha. Mpira wake ukiwa umechanika na grisi imejaa vumbi, hata kama haijaanza kucheza, siku zake zinahesabika. Hii usiiahirishe. Boljointi ikichomoka njiani, tairi linalala chini ya gari.

Hatua ya 5: Tikisa kushoto na kulia

Sasa mikono iwe pande mbili za tairi, usawa wa katikati. Funga usukani kwa kumwambia msaidizi aushike imara. Tikisa kwa mshtuko mfupi. Usisukume kwa nguvu ya kugeuza usukani, maana utasikia mlio wa meno ya stelingi ukadhani umempata mwizi.

Ukisikia mchezo hapa wakati ule wa juu na chini haukuwepo, ni tairodi. Ziko mbili kila upande. Ya nje, tairodi endi, utaiona na unaweza kuigusa: weka vidole vyako juu ya kiungo chake huku msaidizi akitikisa tairi, utausikia mchezo kwenye ngozi kabla hujauona kwa macho. Ya ndani, reki endi, imejificha kwenye mpira wa mikunjo mikunjo. Uminye mpira ule na uhisi kwa vidole kama kuna kitu kinagonga ndani.

Kisha shusha gari, zima injini, fungua kufuli la usukani. Msaidizi aucheze usukani kushoto na kulia kwa kiasi kidogo tu, kama upana wa vidole viwili, nawe chungulia tairodi kwa tochi. Fimbo ikitembea na tairi likachelewa kuifuata, umempata.

Kosa la kawaida hapa ni kubadilisha upande uliokufa tu bila kutazama wa pili. Zimetembea njia moja, matuta yaleyale. Si lazima ufunge zote mbili, lakini lazima uzitikise zote mbili.

Hatua ya 6: Lizungushe tairi

Likiwa juu, lizungushe kwa mkono, sikiliza. Beringi mbovu inanguruma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Weka chaki karibu na ukingo wa rimu, mkono ukiwa umetulia, uzungushe: rimu iliyopinda itaisogelea na kuikimbia. Tairi likizunguka kwa kukwama, breki inashika. Hiyo itakutesa kwa kuvuta gari upande mmoja.

Hatua ya 7: Bushi na shokapu

Bushi za amu ya chini ni mpira, na mpira wa gari la miaka 20 lililokwisha kula vumbi la Ngaramtoni si mpira tena. Mulika. Vinyufa vidogo vya juu vinasameheka. Mpira uliochanika ukaachana na chuma hausameheki: kila ukikanyaga breki tairi linarudi nyuma na kubadili mwelekeo, halafu likipimwa gari likiwa limesimama linaonekana halina kosa. Hii ndiyo sababu alaimenti ya gari lenye bushi mbovu inadumu mpaka kwenye tuta la kwanza. Choma mtalimbo kati ya amu na chasi, sukuma kidogo. Usitumie nguvu ya kung'oa kisiki, hata bushi mpya itasogea ukiilazimisha.

Shokapu: tafuta mafuta yaliyovuja na kushika vumbi. Bonyeza pembe ya gari, iachie. Likipanda na kutulia, vizuri. Likidunda zaidi ya mara moja, imechoka. Ila kutodunda si ushahidi kwamba ni nzima. Ukiwa na mabonde kwenye tairi, amini tairi.

Hatua ya 8: Timazi

Gari liwe chini, uwanja sawa, usukani umenyooka, upepo umeshasawazishwa. Lisukume mbele na nyuma mita mbili tatu ili litulie. Gandisha uzi wa timazi kwenye bodi juu ya tairi, uning'inie mbele ya rimu bila kugusa kitu. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, kisha hadi ukingo wa chini. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kulala kwa tairi. Kwa rimu ya inchi 14 au 15, kila milimita 7 hivi ni digrii moja.

Namba yenyewe isikusumbue sana. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa umelala kwa milimita 2 na mwingine 12, na uwanja ni sawa kweli, kuna kitu kimepinda: shokapu, amu, au kitovu cha wili. Kabla hujahukumu, geuza gari litazame kulikokuwa nyuma upime tena. Mara mbili nimeshagundua kwamba kilichopinda ni uwanja.

Hatua ya 9: Chaki na futi

Usukani umenyooka. Piga mstari mwembamba wa chaki mbele ya kila tairi la mbele, kwenye kashata ileile kwa matairi yote mawili, kwenye kimo kilekile kutoka chini. Kimo cha kitovu ndicho bora, lakini bampa na injini havikuruhusu, kwa hiyo shuka mpaka futi ipite. Pima kati ya mistari miwili, msaidizi ameshika upande mmoja. Sasa sukuma gari mbele, usirudishe nyuma, mpaka mistari ile ifike nyuma ya tairi kwenye kimo kilekile. Pima tena.

Mbele kukiwa kufupi kuliko nyuma, matairi yanatazamana. Mbele kukiwa kurefu, yanapeana mgongo. Rudia mara tatu. Majibu yakipishana zaidi ya milimita 1 au 2, unashika futi vibaya. Magari haya hutaka tofauti iliyo karibu na sifuri. Mimi nikiona imezidi milimita 3 siendi safari ndefu. Na kumbuka ukipimia chini ya kimo cha kitovu, hali halisi ni mbaya kuliko futi inavyosema.

Jibu la futi lioane na jibu la kiganja la hatua ya 2. Yakipingana, kuna kimoja hukukisoma vizuri. Au kuna kiungo kilicholegea kinachosimama sawa gari likisimama na kuhama likitembea. Rudi hatua ya 5 na ya 7.

Hatua ya 10: Sasa ndiyo, alaimenti

Badilisha vilivyokufa, kisha nenda. Siku hiyohiyo kama inawezekana, kwa sababu tairodi mpya inapofungwa tou inahama hata fundi akihesabu mizunguko ya nyuzi kwa umakini. Nenda na upepo sahihi. Toa magunia ya mahindi kwenye buti.

Ukifika, omba mambo matatu. Karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Usukani ufungwe katikati kabla hajagusa tairodi, na azirekebishe zote mbili, kushoto na kulia, sio moja. Na apime hata matairi ya nyuma, ingawa kwenye mengi ya magari haya nyuma hakuna pa kurekebisha. Unataka tu kujua.

Akikuambia kemba haiko sawa, muulize ni kitu gani kimepinda. Kwenye IST, Vitz na ndugu zao mara nyingi hana nafasi ya kurekebisha zaidi ya kulegeza boliti mbili za chini ya shokapu na kusukuma kidogo, au kufunga boliti maalumu nyembamba. Kulazimisha kemba kwa boliti wakati shokapu imepinda ni kumvalisha mgonjwa suti.

Matairi yakifungwa, nati zikazwe kwa kuvuka msalaba, gari likiwa chini. Zikaze tena baada ya kilometa 50 hivi.

Ukikwama

*Alaimenti imefanyika, gari linaenda sawa, lakini usukani umekaa kombo.* Fundi amerekebisha tairodi moja tu, au usukani haukufungwa katikati. Mrudishie, hiyo ni kazi yake. Ikiwa alifanya sawa na bado uko kombo, uliza karatasi inasema nini kuhusu matairi ya nyuma.

*Gari linavuta kushoto.* Kwanza kumbuka tunaendesha kushoto na barabara imeinama kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kidogo ni kawaida. Likizidi, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia. Likianza kuvuta kulia, kosa ni la tairi. Lisipobadilika, endesha kilometa chache bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa. Inayotoa moto kuliko mwenzake ina breki inayoshika. Matairi yenye mshale ubavuni usiyabadilishane pande.

*Usukani unatetemeka ukifika kilometa 80 au 90 kwa saa.* Hiyo ni balansi au rimu. Alaimenti haitibu mtetemo.

*Kila kitu ni kizima lakini mabega ya nje yanaliwa.* Unaishi wapi? Ukipanda na kushuka Kibosho, Uru au Marangu kila siku, kona ndizo zinazokula. Punguza mwendo kwenye kona, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma mapema zaidi, na usiruhusu upepo ushuke.

*Nimehamisha matairi nyuma na mlio umebaki.* Tairi lenye mabonde au meno litaendelea kuvuma muda mrefu hata chanzo kikiwa kimetibiwa. Ndiyo maana usihukumu matengenezo kwa sikio. Hukumu kwa sarafu: andika vipimo siku ya alaimenti pamoja na namba ya kilometa, pima tena baada ya kilometa 1,000. Bega la ndani na la nje yakishuka sawa, tatizo limekwisha.

*Bega la ndani bado linashuka peke yake, na viungo vyote ni vipya.* Mwambie fundi anyanyue gari akague kiunzi kinachobeba injini na amu za chini. Gari lililowahi kupigwa mbele linaweza kuwa na kiunzi kilichosogea, na boliti zake huacha alama ya kutu au rangi pale zilipokuwa zimekaa zamani. Akiziona alama hizo, mwambie akirudishe kiunzi mahali pake kabla hajagusa tairodi, kisha alaimenti ianze upya kuanzia kipimo cha kwanza.